Nani Amesimama Wapi? Historia ya Picha Bapa na Ukuta Ulioinama

Kama wewe ni mtu wa soka basi hili umeliona kwenye televisheni. Mpira unakwenda golini, kamera inageuka, na pembeni mwa goli kuna tangazo limesimama wima kama ubao. Unajiuliza, huyu winga akiteleza si atajigonga pale? Halafu winga anateleza kweli, anapita juu ya tangazo kama anapita hewani, wala hajikwai. Kumbe hakuna ubao wowote. Kuna zulia limelazwa chini, au rangi imepigwa kwenye nyasi, na herufi zake zimevutwa makusudi ili kamera moja iliyoko juu ya jukwaa ione kitu kilichosimama. Na yule shabiki aliyelipa kiingilio akakaa nyuma ya goli, yeye anaona nini? Anaona herufi zilizorefuka ovyo kama kivuli cha jioni. Tangazo halikuchorwa kwa ajili yake.

Nimeanza na mpira kwa sababu sote tunaujua, lakini habari yenyewe naikuta kila siku kwenye kompyuta. Kazi inayonipa mkate ni ya kutengeneza matangazo. Mteja anataka kuona bango lake litakavyokaa ukutani kabla halijachapwa. Basi unachukua picha ya ukuta, mara nyingi imepigwa kwa upande, mwisho mmoja wa ukuta uko karibu na mwingine uko mbali. Unachukua bango lililo bapa, unalishika pembe zake nne kwa kipanya, unazivuta moja moja mpaka zifike kwenye pembe za ukuta. Limekaa! Dakika mbili tu. Wenzangu husema, "Kompyuta ina akili, bwana." Mimi huwa nabisha. Akili ile ni ya watu, imekusanywa kwa miaka elfu moja, na ndani yake mna jambo ambalo kitufe hakikwambii: kila picha bapa inayokaa sawasawa kwenye uso ulioinama imemchagulia mtu mahali pa kusimama. Hebu twende polepole, tuanze mwanzo.

Mwanzo wenyewe si Ulaya. Kabla ya kuchora kile jicho linachokiona, ilibidi kwanza mtu aeleze jicho linaonaje. Wako wataalamu wa Kiyunani waliofikiri kwamba jicho hutoa miali yake likaenda kugusa vitu. Mtu aliyeivunja hoja hiyo kwa nguvu ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufanya kazi yake kubwa Kairo, Misri. Katika kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, alichoandika kati ya mwaka 1011 na 1021 hivi, alieleza kwamba mwanga ndio unaotoka kwenye vitu na kusafiri kwa mstari ulionyooka hadi jichoni. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kikasomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Maneno haya mawili, "mstari ulionyooka", yashike vizuri. Bila hayo hakuna hadithi inayofuata. Kwani kama mwanga unasafiri kwa mstari ulionyooka, basi ukiweka kioo kati ya jicho na nyumba, kila nukta ya nyumba itapenya kioo hicho mahali pamoja tu. Ukiweza kuzipata nukta hizo, umeipata picha.

Waliozitafuta nukta hizo kwa bidii walikuwa mafundi wa Florence, Italia, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 15. Filippo Brunelleschi, yule yule aliyejenga kuba la kanisa kuu la mji huo, alichora kwenye kibao kidogo jengo la ubatizo la San Giovanni kama linavyoonekana kwa mtu aliyesimama ndani kidogo ya mlango mkuu wa kanisa linalolikabili. Kibao chenyewe kilipotea, lakini habari zake ziliandikwa na Antonio Manetti, aliyesimulia maisha ya fundi huyo. Sasa sikiliza vituko. Brunelleschi alitoboa tundu katika kibao kile. Mtazamaji hakuitazama picha kwa mbele. Alisimama nyuma yake, akaweka jicho kwenye tundu, na kwa mkono mwingine akashika kioo mbele ya kibao. Picha akaiona ndani ya kioo. Na mahali pa mbingu jamaa hakupaka rangi, aliweka fedha iliyong'arishwa, ili mawingu ya kweli yaonekane yakipita juu ya jengo la kuchora.

Kwa nini ahangaike na tundu? Kwa sababu alijua siri tunayoizungumza. Picha yake ilikuwa sahihi kwa jicho moja, mahali pamoja. Ukisogea hatua mbili pembeni, mambo yanaharibika. Badala ya kumwomba mtazamaji asimame hapa au pale, alimlazimisha kwa tundu.

Mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaiweka elimu hii katika kitabu chake cha uchoraji. Alimwambia mchoraji auone mstatili anaouchora kama dirisha lililo wazi. Mistari inayokwenda mbali, kama kingo za sakafu ya vigae, yote ikutane kwenye nukta moja iliyo sawa na kimo cha jicho. Nukta hiyo sisi tuiite nukta ya kupotelea, kwa sababu ndipo njia inapopotelea. Umesimama kwenye reli ukaona vyuma viwili vikikutana kule mbele? Ndiyo hiyo.

Mpaka hapo walikuwa wakileta dunia iliyoinama kwenye ubao ulio bapa. Punde watu wakaanza kucheza mchezo kinyume: kuchukua picha iliyonyooka na kuivuta ili ikae sawa kwa mtu anayeangalia kwa pembeni. Mwaka 1533 Hans Holbein, mchoraji kutoka Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi London, aliwachora mabwana wawili wamesimama kwa fahari kati ya vitabu na vyombo vya elimu ya nyota. Chini, mbele ya miguu yao, kuna kitu cha ajabu kimelala kwa mshazari, kama mkate uliokandamizwa. Ukisimama mbele ya picha huoni ni nini. Ukienda pembeni, upande wa kulia, ukaangalia kwa ukali, kile kitu kinajikusanya: ni fuvu la mtu. Wakati huohuo wale mabwana nao wanapotea umbo. Picha moja, sehemu mbili za kusimama; uhai unaonekana hapa, mauti yanaonekana pale. Ukidhani huo ni uchawi wa wakubwa tu, angalia maneno yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya lami. Ukiyasogelea kwa miguu utaona herufi zake ni ndefu kupita kiasi. Zimevutwa kwa ajili ya dereva, ambaye anaiona barabara ikiwa imelala mbele yake. Anayetembea kwa miguu hakuhesabiwa.

Lakini bingwa wa mambo haya, kwa maoni yangu, ni Andrea Pozzo, bruda wa shirika la Wajesuiti. Katika kanisa la Sant'Ignazio mjini Roma palikusudiwa kuwe na kuba, na kuba halikujengwa. Mwaka 1685 Pozzo akapachika mahali pake turubai tambarare, upana wake kiasi cha mita 17, iliyochorwa ndani ya kuba. Kisha akaja kwenye dari ndefu ya kanisa, ambayo imepinda kama mgongo wa mtumbwi uliogeuzwa, na kufikia mwaka 1694 alikuwa amechora juu yake majengo yanayopanda mpaka mbinguni. Alifanyaje? Katika kitabu chake, ambacho juzuu lake la kwanza lilitoka mwaka 1693, alieleza. Unachora picha yako kwenye karatasi na kuigawa kwa miraba. Unatandaza wavu wa kamba wenye miraba hiyohiyo, chini ya dari. Kisha kutoka mahali jicho litakapokuwa, unanyoosha uzi kupitia kila fundo la wavu mpaka uguse dari. Panapogusa, tia alama. Mraba mmoja mmoja, picha bapa inahamia kwenye uso uliopinda.

Hiyo ndiyo kazi inayofanywa na programu zetu leo. Mwanga unaosafiri kwa mstari ulionyooka, uzi uliovutwa, hesabu ndani ya kompyuta: ni kitu kimoja. Na Pozzo hakuficha sharti lake. Kwenye sakafu ya kanisa lile kuna duara la marumaru. Ukisimama juu yake, nguzo zote za kuchora zinasimama wima. Ukitoka, zinaanza kukuangukia.

Sasa tuingie kwenye hesabu kidogo, usikimbie. Chukua ukuta wa uchochoro unaokwenda mbele yako. Mwanzo wake uko mita 2 mbele ya jicho lako, katikati yake mita 4, mwisho wake mita 6. Kanuni ni kwamba ukubwa wa kitu kwenye picha hupungua kwa kugawanywa na umbali. Kama mwanzo wa ukuta kwenye picha yako una kimo cha sentimita 12, basi katikati, ambapo umbali ni mara mbili, kimo ni sentimita 6. Na mwisho, ambapo umbali ni mara tatu, ni sentimita 4. Mtu mwenye haraka angesema katikati ya 12 na 4 ni 8. La hasha! Ni 6. Na upana je? Ukipiga hesabu utakuta nusu ya ukuta iliyo karibu nawe inachukua robo tatu ya upana wote kwenye picha, na nusu iliyo mbali inabanwa kwenye robo iliyobaki. Kwa hiyo ukilivuta bango lako kwa kulilaza tu upande, herufi za mbali zikabaki na upana ule ule wa herufi za karibu, jicho litakataa. Huenda mteja hatajua kwa nini, ila atasema, "Hapana, kama limebandikwa tu."

Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mchora mabango ambaye alilijua hili bila kompyuta. Siku moja nilimkuta akichora lori kwenye ukuta wa duka la vipuri, limekaa mshazari, na ubavuni mwake alitaka kuandika jina la duka. Alichukua uzi uliopakwa chaki, akauvuta kutoka pembe moja ya ubavu wa lori hadi pembe ya pili inayokabiliana nayo, akaupiga, ukaacha mstari. Akafanya hivyo kwa pembe mbili zilizobaki. Mistari ilipokatana, akasimamisha mstari wima. "Hapa ndipo katikati," akasema. Nikamwambia, "Mzee, mbona upande wa huku ni mpana kuliko wa kule?" Akacheka. "Mwanangu, katikati ya jicho si katikati ya futi." Kisha akagawa kila nusu kwa njia ileile, na kila robo, mpaka kila herufi ikapata chumba chake. Ukiujaribu uzi wake kwenye ule ukuta wetu wa mita 2, 4 na 6, mistari itakatana palepale kwenye robo tatu. Mzee alikuwa sahihi mpaka sentimita ya mwisho.

Lakini kwa nini pembe nne zinatosha? Kwa nini programu haikuulizi ukuta uko umbali gani, au kamera ilikuwa ya aina gani? Jibu lilitafutwa na watu ambao hawakuwa wachoraji. Mwaka 1639 Girard Desargues, fundi na mwanahesabu Mfaransa kutoka Lyon, alichapisha nakala chache za kitabu kigumu sana, akichukulia kwamba hata mistari sambamba hukutana, ila inakutana mahali pasipo na mwisho. Wachache walimwelewa na kitabu kikasahauliwa. Ndipo akaja Jean-Victor Poncelet, ofisa wa jeshi la Napoleon. Alitekwa huko Krasnoi, Urusi, mnamo Novemba 1812, akatembezwa kwa miguu kwa miezi kwenye baridi kali mpaka Saratov, kando ya mto Volga, akafungwa huko. Hana kitabu hata kimoja. Akaanza kujikumbusha jiometri kichwani, kisha akaijenga upya: ni mambo gani ya umbo hayabadiliki hata ukilitazama kutoka wapi? Urefu unabadilika, pembe zinabadilika. Lakini mstari ulionyooka hubaki umenyooka, na mistari inayokatana hubaki inakatana. Aliachiwa mwaka 1814, na mwaka 1822 akachapisha kazi yake kubwa Ufaransa.

Kutokana na jiometri hiyo tunajua kwamba ukishasema pembe nne za picha bapa zimeangukia wapi, mradi pembe tatu zisiwe kwenye mstari mmoja, umesema kila kitu. Nukta nyingine zote hazina uhuru tena. Namba nane tu, mbili kwa kila pembe, na picha nzima imeamuliwa. Kumbe ile "akili ya kompyuta" ninayoisikia kazini iliandaliwa na mfungwa wa vita kwenye baridi ya Saratov.

Kompyuta yenyewe iliingia baadaye sana. Mwaka 1963, Lawrence Roberts wa chuo cha MIT, Marekani, aliingiza hesabu za jiometri hii katika michoro ya kompyuta. Mwaka 1974, Edwin Catmull, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, aliandika tasnifu iliyoonyesha jinsi ya kubandika picha juu ya umbo lililopinda ndani ya kompyuta, kama karatasi inavyobandikwa kwenye kopo. Huyu ndiye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni, na tuzo ya Turing ya mwaka 2019 akaipata pamoja na Pat Hanrahan.

Waliocheza gemu za PlayStation, iliyotoka Japani Desemba 1994, watakumbuka kuta na sakafu zilizokuwa zikitetemeka na kupinda kila ukizikaribia. Haikuwa bahati mbaya. Ule mgawanyo kwa umbali ni hesabu ghali, na mashine ile haikuufanya ilipokuwa inabandika picha; ilivuta picha moja kwa moja, ikasema katikati ya 12 na 4 ni 8. Watengenezaji wa gemu wakawa wanakata kuta vipande vidogo vidogo ili kosa lisionekane sana. Mwaka 1996 gemu ya Quake ikatumia ujanja mwingine: mgawanyo halisi ulifanywa kila baada ya pikseli 16, na katikati yake pakakadiriwa. Jicho likadanganyika. Baadaye mashine zikapata nguvu, na suala likasahaulika. Mwaka 2005 toleo la Photoshop CS2 likaja na chombo kiitwacho Vanishing Point, yaani ileile nukta ya kupotelea: unachora pembe nne za ukuta, na chochote utakachobandika juu yake kinainama chenyewe. Kamba za Pozzo zikawa kitufe.

Sasa kuna ubaya gani? Ubaya wa kitufe haupo, mimi mwenyewe nakitumia na nakishukuru. Ila kitufe kimeondoa duara la marumaru. Pozzo alikuonyesha mahali pa kusimama, na wewe ukajua kwamba unachezewa kwa ridhaa yako. Ukisogea hatua tatu, ukweli unajitoa. Picha ya leo haikupi nafasi ya kusogea. Mahali pa kusimama pameshachaguliwa na kufungwa ndani yake.

Na mjini kwetu picha inauza. Picha inauza kiwanja, inauza nyumba ambayo hata msingi haujachimbwa, inaonyesha duka lina bango ambalo halijawahi kutundikwa. Watu wanatoa akiba zao kwa kuangalia picha. Kwa hiyo elimu hii si ya mapambo. Chukua rula na kalamu. Fuatisha kingo za juu za madirisha, ukingo wa paa, ukingo wa bango, zile ambazo kwenye jengo la kweli zingekuwa sambamba. Zote lazima zikutane kwenye nukta moja. Bango likikutana pembeni na wenzake, lilibandikwa na mtu asiyejua uzi wa chaki. Kipimo hiki kitamkamata mwongo mvivu; mwongo hodari atakipita. Kwa huyo wa pili dawa ni ileile ya kanisani Roma: toka, nenda mwenyewe kwenye kiwanja, zunguka, tazama kutoka upande ambao hukuchaguliwa.

Sisi tunaojifunza kuandika katika kurasa hizi tunaweza kujiuliza hivyo hivyo. Habari inaandikwa kutoka kwenye kiti cha nani? Wa kwenye kamera juu ya jukwaa, au wa nyuma ya goli? Kila anayechora huchagua, hawezi kukwepa. Brunelleschi alichagua akatoboa tundu. Pozzo alichagua akaweka jiwe. Mwandishi naye aweke jiwe lake mahali linapoonekana, msomaji ajue amesimamishwa wapi, na akitaka kusogea, asogee.